Mtoto naye ana macho yake

(Mazungumzo ya redio ya juma hili, kama yalivyosomwa hewani)

Ndugu wasikilizaji, juma hili naomba tuweke kando siasa, bei ya mbolea na mashimo ya barabarani, tuzungumze juu ya matope. Najua wapo watakaocheka. Mtu mzima ambaye mvi zimekwisha kumwanza anapewa dakika chache za redio, naye anazitumia kwa matope! Nawaomba mnivumilie. Ndani ya matope hayo kuna jambo linalowahusu wazazi wa mjini Moshi, wazazi wa vijijini huko juu mlimani, na pengine wazazi wa Tanzania nzima.

Jambo lenyewe ni hili: mtoto anapokuwa nyumbani, mikono yake inafanya kazi gani?

Swali hili lina sababu yake. Mwezi Machi mwaka 2023 Serikali ilipiga marufuku huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne. Sisi watu wa Kilimanjaro tunajulikana kwa kupenda shule, na walikuwapo wazazi miongoni mwetu waliowafungia masanduku watoto ambao hata kamba za viatu walikuwa hawajui kuzifunga. Amri ile ililenga kuwarudisha watoto wa umri huo majumbani. Wako wazazi waliofurahi na wako walionung'unika. Lakini wachache walijiuliza: mtoto huyu akirudi jioni atakuta nini nyumbani?

Katika nyumba nyingi ninazopita, iwe Majengo, Pasua, Soweto au Shanty Town, mtoto anakuta televisheni, simu ya mama yake, na mwalimu wa tuisheni. Sisemi kuwa vitu hivyo ni vibaya. Nasema tu kwamba vyote vitatu vinamtaka mtoto atazame au arudie kile alichokwisha kufanya mtu mwingine. Hakuna hata kimoja kinachomuuliza, "Je, wewe unaonaje?"

Nina binti wa miaka saba. Mwaka jana aliniletea daftari lake la shule. Walikuwa wameagizwa wachore Mlima Kilimanjaro. Naye, kwa kuwa anauona mlima huo asubuhi nyingi kabla mawingu hayajaufunika, aliuchora kama anavyouona: kahawia kutoka juu hadi chini, na vipande viwili vitatu tu vyeupe karibu na kilele. Pembeni kulikuwa na alama kubwa ya kosa kwa wino mwekundu, na maneno haya: "Kilele ni cheupe. Rudia."

Shule sitaitaja, na sina ugomvi na mwalimu. Ana watoto wengi darasani, na ile picha ya mlima wenye kofia nyeupe ndiyo aliyofundishwa yeye alipokuwa mdogo. Lakini tutazame ukweli wa jambo. Wataalamu waliopima barafu ya Kilimanjaro wanatuambia kwamba mwaka 1912 ilikuwa imefunika eneo la kilometa za mraba zaidi ya 11. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki chini ya kilometa za mraba 2. Kwa hiyo mtoto alikuwa amechora mlima wa leo, mlima ulio mbele ya macho yake. Aliyesahihishwa ndiye aliyekuwa sahihi.

Hata hivyo, alama ile peke yake isingenisumbua sana. Kilichonisumbua ni yaliyofuata. Kwa majuma kadhaa binti yangu hakutaka kuchora chochote. Nikimpa karatasi, ananiuliza kwanza, "Baba, mwalimu anachoraje?" Nikimwambia achore kuku, anataka aone kuku wa kitabuni, ilhali kuku wa jirani anaparua mchanga mlangoni petu. Mtoto wa miaka saba alikuwa amekwisha kufundishwa kutoyaamini macho yake. Hilo, ndugu zangu, si jambo dogo. Mtu asiyeyaamini macho yake akiwa na miaka saba, akifika arobaini atamwamini kila anayempigia kelele.

Likizo ya Desemba ilipofika tulipanda Uru kwa bibi yake, kama wafanyavyo Wachaga wengi wakati wa Krismasi. Sikubeba daftari wala penseli. Nilimwambia mtoto, "Huku hatuchori. Huku tunafinyanga." Tukachota udongo kando ya mfongo, ile mifereji ya asili inayoleta maji vihambani, tukaketi chini ya migomba, kila mmoja na donge lake. Mzee mmoja jirani alipita njiani, akasimama kututazama, kisha akaniuliza kwa sauti ya kusikika, "Mangi, mjini wamewarudisha chekechea?" Nikamjibu, "Ndiyo, meku, na karo ni nafuu." Akaenda zake akicheka.

Kikombe cha kwanza binti yangu alikianika juani. Kufika saa nane mchana kilikuwa na nyufa kama kisigino cha mtu anayetembea pekupeku wakati wa kiangazi. Nilitazamia machozi. Hakulia. Alikigeuza huku na huku, akauliza, "Baba, kwa nini kimepasuka?" Nikamwambia twende tukamuulize bibi.

Bibi yake alikuwa akimenya ndizi za mtori, wala hakuinua kichwa. "Udongo wa kihambani una haraka," alisema. "Mkiuweka juani unakauka nje kabla ya ndani. Utieni mchanga, mkauweke kivulini. Tena huo si udongo wa vyungu. Zamani vyungu vilitoka kwa wanawake wa Usseri, huko Rombo. Wao ndio wenye udongo wake."

Mara ya pili mtoto alitia mchanga mwingi mno, kikombe kikamomonyoka mkononi. Mara ya tatu alipima mwenyewe: viganja vitatu vya udongo kwa kiganja kimoja cha mchanga. Akakifunika kwa jani la mgomba na kukiacha kivulini siku mbili. Kilitoka kimepinda upande, lakini kilikuwa kizima, na hadi leo kiko dirishani kwetu kikiwa kimejaa mbegu za maharage. Hakuna aliyemwandikia "Rudia". Alirudia mwenyewe, mara tatu.

Hapo ndipo nilipo na neno langu la juma hili. Udongo haumtukani mtoto. Hauna wino mwekundu. Unapasuka tu, kisha unanyamaza na kumsubiri afikiri. Alama ya kosa ilimwambia, "Wewe hujui." Ufa ulimwambia, "Jaribu njia nyingine." Vyote viwili vinamsahihisha mtoto, lakini kimoja kinamfunga mikono na kingine kinamfungua. Shule zetu, kwa wingi wa watoto na uchache wa muda, aghalabu hazina nafasi ya kumwachia mtoto akosee mara tatu. Nyumbani nafasi hiyo ipo, tena haina karo.

Tuliporudi mjini tuliendelea jikoni. Labda wapo watakaouliza tulinunua rangi wapi. Hatukununua. Masizi yaliyokwanguliwa chini ya sufuria, yakichanganywa na uji mzito wa unga wa ngano, ni rangi nyeusi nzuri sana. Udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa na kutiwa uji huo huo ni rangi ya matofali. Chaki iliyosagwa ni nyeupe. Majani ya maboga yaliyotwangwa yanatoa kijani, ingawa baada ya siku chache kijani hicho kinafifia, na mtoto anajifunza kuwa si kila rangi ni ya kudumu. Kwa brashi, tafuneni ncha ya kijiti cha mswaki mpaka iwe na nyuzi, au chukueni unyoya wa kuku.

Na kahawa! Sisi wenye mlima tumezoea kuichuma, kuimenya, kuikausha na kuipeleka chamani, tukaijua kwa kilo na kwa bei. Jaribuni kuijua kwa rangi. Kijiko kimoja cha kahawa iliyosagwa, kikikorogwa kwa maji ya moto machache, kisha kuongezwa maji kidogo kidogo katika vikombe vinne, kinatoa kahawia nne tofauti, kuanzia ile ya gome la mti hadi ile ya chai ya maziwa. Hiyo ndiyo rangi aliyoichagua binti yangu kuchorea mlima wake, safari hii bila kumuuliza mtu mlima unakuwaje.

Yako mengine yanayomshangaza hata mtu mzima. Chukua bizari ya manjano, ikoroge na maji, upake karatasi. Ikishakauka, chovya kijiti katika maji ya majivu uandike juu yake: herufi zinatokea nyekundu. Chemsha maua makavu ya choya. Tia limau, wekundu unakolea. Tia magadi, unageuka kuwa wa samawati au kijani. Mtoto akiona hivyo atakuuliza kwa nini, nawe huna haja ya kuwa mkemia. Mwambie ajaribu siki, ajaribu sabuni, ajaribu chumvi, kisha yeye ndiye akueleze wewe ni zipi zinazogeuza rangi na zipi zisizogeuza. Akifika sekondari na kuambiwa habari za asidi na besi, atakuwa anakutana na watu anaowafahamu.

Lakini kwa mtoto wa mlimani hakuna rangi inayoishinda ile ya mgomba wenyewe. Kila mama wa Kichaga anajua kwamba utomvu wa mgomba ukidondokea nguo, nguo hiyo imekwenda na maji. Ukitoka shinani ni maji matupu, huuoni. Baada ya muda unakuwa kahawia, na baadaye mweusi, wala hakuna sabuni itakayoutoa. Basi badala ya kuulaumu, tuliukinga kwenye kikombe. Mama mwenye nyumba alitutolea shuka kuukuu, akatupa na onyo kali kuhusu sare za shule. Mtoto alichovya unyoya na kuchora juu ya shuka michoro isiyoonekana. Akalala. Asubuhi alikimbia kututolea shuka yake: picha ilikuwa imejitokeza yenyewe, na kila siku ilizidi kuwa nyeusi. Alichora kitu asichokiona, akasubiri. Ni somo gani la subira mtakalonipa lipitalo hilo?

Kuna kitu kimoja tu ambacho bibi yake alitukataza kukigusa: majani ya isale. Mtoto alitaka kuyasuka. Bibi akamweleza kuwa isale ndilo jani la kuombea msamaha, ndilo linalosimama mpakani na penye makaburi, halichumwi kwa mchezo. Nalo nalihesabu kuwa somo la sanaa. Kuvijua vifaa ni pamoja na kujua ni kipi cha kuchezea na kipi cha kuheshimu.

Sasa, asidhani mtu kwamba ninawaletea mambo ya kizungu. Mlima huu umekwisha kutoa mchoraji wa kujivunia, ingawa vijana wengi wa Moshi ukiwatajia jina lake wanakukodolea macho. Ni marehemu Sam Joseph Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923. Alisoma Makerere, Uganda, kwa mwalimu Margaret Trowell, mama ambaye katika miaka ya 1930 alianza kufundisha sanaa barazani kwa nyumba yake mwenyewe. Narudia: barazani. Ile iliyokuja kuwa shule kubwa ya sanaa ya Makerere, inayoitwa kwa jina la mama huyo hadi leo, ilianzia kwenye baraza la nyumba.

Ntiro akaendelea na masomo ya uchoraji London, na baada ya Uhuru akawa mwakilishi wa kwanza wa nchi yetu huko huko Uingereza. Lakini hata alipokuwa ughaibuni, alichora vihamba: wanawake na mizigo kichwani, watu wakichuma kahawa, watu wakijenga nyumba kwa pamoja. Picha yake moja ya mwaka 1956, ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, imo katika hifadhi ya Jumba la Sanaa za Kisasa huko New York. Wapo waliosema kuwa michoro yake ni kama ya mtoto. Yeye hakubadili mkono wake ili kuwafurahisha. Aliendelea kuchora alichokiona Machame, kwa namna alivyokiona, hadi alipofariki mwaka 1993. Fikirini kama mtu angemwandikia "Rudia" akiwa na miaka saba, naye akakubali.

Mwingine ni Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekwenda kutafuta maisha Dar es Salaam. Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wachoraji wa Ulaya. Alichukua vipande vya mbao laini za dari na rangi ya kupakia baiskeli, akachora ndege na wanyama wanaong'aa. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka kama minne tu ya kazi hiyo, lakini jina lake limekuwa jina la aina nzima ya uchoraji inayojulikana duniani. Uzuri wa kung'aa tunaoupenda katika picha za tingatinga ulitoka katika rangi ya baiskeli. Kifaa cha karibu ndicho kilichozaa mtindo.

Na nchi za mbali nazo zimeliona hilo. Mwaka 1945 vita vya pili vya dunia vilipomalizika, wakulima na wafanyakazi wa kijiji cha Villa Cella, karibu na mji wa Reggio Emilia huko Italia, waliamua kujenga shule ya watoto wadogo. Fedha walizipata kwa kuuza kifaru, malori na farasi walioachwa na jeshi la Wajerumani. Mwalimu kijana aitwaye Loris Malaguzzi aliposikia habari hizo alipanda baiskeli kwenda kuziona kwa macho yake, akabaki na kazi hiyo maisha yake yote. Katika shule zilizotokana na juhudi hizo, kila shule ina chumba cha watoto kujaribia udongo, waya, karatasi na rangi. Mwaka 1996 mji huo ulifungua hata ghala la kukusanyia mabaki ya viwandani kwa ajili ya watoto.

Sisi ghala hatuhitaji. Ghala letu ni mji wenyewe. Fundi cherehani ana vitambaa alivyokata, na jioni anavifagia. Seremala ana vumbi na maranda ya mbao. Dukani kwa mangi kuna makasha matupu. Kihambani kuna magome makavu ya migomba yenye rangi tano sita tofauti, na wapo mafundi wetu wanaoyabandika na kutengeneza picha ambazo watalii hununua. Hata sisi wa rika langu tulipokuwa wadogo hatukuletewa magari ya kuchezea. Tuliyaunda kwa waya na mabua, na mpira tuliusuka kwa matambara. Hatukujua kuwa tulikuwa tukifanya sanaa. Tulijua kwamba gurudumu lililopinda haliendi.

Hapo najua nimesikika na mzazi mmoja anayesema, "Yote hayo ni mazuri, lakini mimi nataka mwanangu asome awe daktari." Vema sana. Pale KCMC kipo chuo cha TATCOT, kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho kinafundisha mafundi wa kutengeneza miguu na mikono ya bandia. Kazi yao kubwa ni kufinyanga plasta ipate umbo la kiungo cha mgonjwa, kwa vidole vinavyohisi kila bonde na kila mfupa. Daktari wa upasuaji naye anashona. Vidole hivyo havipatikani kwa kukariri. Na marehemu Sebastian Chuwa wa Kibosho, yule bwana wa mipingo aliyefariki mwaka 2014 baada ya kuhimiza watoto wa shule na vijiji vingi kupanda miti, alikuwa mtoto wa mganga wa miti shamba. Baba yake alimchukua msituni tangu utotoni, akamwonyesha jani hili na gome lile. Utaalamu wake wa mimea ulianza kwa kushika mkono wa baba yake.

Isitoshe, mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 imeweka somo la Sanaa na Michezo katika shule za msingi. Ni jambo la kushukuru. Lakini tusije tukaliua somo hilo kwa kulifanya la kukariri, mtoto akaulizwa katika mtihani, "Taja vifaa vitano vya ufinyanzi," naye akavitaja vyote ilhali hajawahi kushika donge la udongo. Mwalimu atamsaidia mtoto aliyekwisha kuchafuka nyumbani. Yule ambaye hajachafuka, mwalimu ataanza naye moja.

Mzazi mwingine anasema, "Sina muda." Sisemi kila siku. Saa moja ya Jumamosi, wakati nguo zinakauka kwenye kamba, inatosha. Mwingine anasema, "Nyumba yangu ina vigae." Tandika gunia uani. Na akina baba wenzangu wanaosema hiyo ni kazi ya akina mama, nawaambia kwamba mtoto haoni sketi wala suruali. Anaona kama umeketi naye au umesimama ukimwangalia kutoka juu.

Yapo ya kuangalia, nami sitawaficha. Betri kuukuu za redio na tochi zisivunjwe ili kupata weusi wa ndani, zina sumu. Rangi za mafuta za kupakia madirisha na mageti si za watoto, kwani baadhi zina madini ya risasi yanayodhuru ubongo wao. Utomvu wa mnyaa uliopandwa kuwa ua unaunguza macho, kwa hiyo mmea huo usikatwe kwa mchezo. Mfuko wa simenti usitumiwe kabla ya kukung'utwa na kufutwa vizuri na mtu mzima. Gundi ya fundi viatu ibaki kwa fundi viatu. Uji wa unga wa ngano wenye chumvi kidogo unabandika karatasi vizuri sana. Na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya chakula.

Baada ya hapo, mzazi ana masharti manne tu. La kwanza, usimshike mkono mtoto na kumchorea. Mkono wako ukiwa juu ya mkono wake, picha ni yako. La pili, usikimbilie kumuuliza, "Hiki ni nini?" Mwambie, "Nisimulie." Wa kwanza anaulizwa kama mtuhumiwa, wa pili anaombwa kama mgeni. La tatu, ufutio uuweke mbali. Mstari uliokwenda kombo unaweza kugeuzwa mto, njia au mkia wa mbuzi. La nne, andika tarehe nyuma ya kila picha na uitunze. Baada ya mwaka mmoja mkae nayo pamoja, mwone alikotoka.

Ndugu wasikilizaji, nanyi mtakaoyasoma haya gazetini, Jumamosi inakuja. Ukimaliza kulisoma gazeti hili, usilifungie maandazi. Lichane vipande vidogo, uviloweke usiku mmoja, uvikamue, uvichanganye na uji mzito wa ngano, kisha mkabidhi mwanao donge hilo na bakuli kuukuu la kubandikia, uketi karibu naye. Nusu ya saa ya kwanza usiseme neno. Likipasuka, mwachie. Likipinda, mwachie. Atakapogeuka na kukuambia, "Mama, tazama," au "Baba, tazama," basi fanya hivyo hasa alivyokuomba: tazama.

Kwaherini, na tuonane juma lijalo.